Kichwa, Shingo na Komamanga: Siku Tano Granada

Kama uliolewa Dar es Salaam, wimbo huu unaujua. Usiku wa kicheni pati, mama mmoja mwenye kanga mbili na sauti isiyohitaji spika anasimama katikati ya ukumbi, anakohoa kidogo, halafu anasema: “Mwanangu, mume ni kichwa, mke ni shingo. Na kichwa hakigeuki bila shingo!” Vigelegele. Masufuria yanagongwa. Mimi nilicheka mpaka wanja ukatiririka, na kwa miaka kumi nikaishi nikiamini kwamba kazi yangu ndani ya nyumba ni moja tu: kugeuza.

Na niligeuza kweli. Nilipomkuta, mume wangu alikuwa na ajira nzuri ya ofisini Jumatatu hadi Ijumaa, ila Ijumaa usiku na Jumamosi alipiga gitaa la solo kwenye bendi. Wala sitasema uongo, gitaa ndilo lililonipata. Lakini mtoto wa kwanza alipozaliwa na usingizi ukaisha nyumbani, lile gitaa nililolipenda nikaanza kuliona kama mke mwenzangu. Usiku mmoja, saa nane, mtoto analia na yeye ndo anaingia, nikamwambia: “Chagua. Gitaa, au mimi na mtoto.”

Hakubishana. Wiki iliyofuata ukutani palibaki msumari. Sikuuliza gitaa limekwenda wapi. Nilikuwa nimeshinda, na mshindi haulizi.

Hayo yalikuwa miaka tisa iliyopita. Ndoa ikaendelea, tena vizuri tu. Hakuna ugomvi, ada zinalipwa, kiwanja kimenunuliwa. Ila msomaji wangu, kuna ukimya fulani unaweza kukaa ndani ya nyumba miaka, ukaupigia deki na kuufuta vumbi kama fanicha nyingine, na usiujue jina lake.

SI GRENADA, NI GRANADA

Kwa ajili ya kutimiza miaka kumi tuliweka akiba miaka miwili. Mimi moyo wangu ulikuwa Dubai. Nilikuwa na orodha ya maduka tayari. Nikamwuliza mwenzangu kwa adabu tu, ile ya kuuliza huku jibu unalo: “Baba watoto, unapenda twende wapi?”

Akasema, “Granada.”

Nikadhani ni kile kisiwa cha Caribbean. Nikaanza kuwazia nguo za kuogelea. Kumbe hapana, kisiwa ni Grenada. Granada ni mji wa kusini mwa Hispania, kwenye jimbo la Andalusia, chini ya milima ya Sierra Nevada. “Kuna nini huko?” Akasema kuna ngome ya zamani, nzuri sana. Halafu, kwa sauti ya chini kama mtu anayekiri deni: “Na wanatengeneza magitaa.”

Lilikuwa ni mara ya kwanza kulisikia neno hilo kinywani mwake baada ya miaka tisa. Dubai nikaiweka kando.

Tulifika mwezi Novemba. Kutoka Madrid treni ya kasi inachukua zaidi kidogo ya saa tatu, na dirishani ni mizeituni, mizeituni, mizeituni, imepangwa kwa mistari mpaka macho yanachoka. Mji wenyewe uko kama mita 700 juu ya usawa wa bahari, kwa hiyo ukitoka na koti la Dar, yaani lile la kwenye kiyoyozi cha ofisi, utatetemeka. Jua linawaka, lakini ni jua la picha tu. Nyuma ya mji milima tayari ilikuwa na theluji kichwani.

Kwa Kihispania granada ni komamanga. Utalikuta komamanga kila mahali: kwenye nguzo za barabarani, kwenye vifuniko vya mitaro, kwenye vyungu. Kuna lango la mawe la karne ya 16 linaloitwa Puerta de las Granadas, na juu yake yamechongwa makomamanga matatu yaliyopasuka. Ukipita hapo unaingia msituni na kupanda kwenda Alhambra. Na barabara inayopanda kutoka uwanja wa Plaza Nueva hadi kwenye lango hilo, nyembamba, yenye mteremko wa kukata pumzi, inaitwa Cuesta de Gomérez. Ndiyo barabara ya mafundi wa magitaa.

Mume wangu alikuwa anaijua bila kuwahi kufika. Nikamwona anatembea mbele yangu kama mtoto aliyesikia kengele ya ice cream.

DARI LA VIPANDE 8,000

Nilisema ngome kwanza, gitaa baadaye. Bado nilikuwa shingo, jamani.

Alhambra usiende kwa haraka. Ilianzwa mwaka 1238 na mtawala wa kwanza wa ukoo wa Wanasri, Waislamu waliotawala hapa kwa zaidi ya miaka 250, mpaka tarehe 2 Januari 1492 sultani wa mwisho alipokabidhi mji kwa Ferdinand na Isabella. Jina linatokana na Kiarabu, al-Hamra, yaani nyekundu, na jioni kuta zake zinageuka rangi ya tofali linalotoka tanuruni. Kwa mtu wa Pwani kuna vitu vingi humu havihitaji mkalimani: ua la ndani, maji yanayopita katikati ya nyumba, maandishi ya Kiarabu yanayozunguka ukuta mzima.

Kuna maneno mamoja yamerudiwa ukutani mara nyingi mpaka unaanza kuyatafuta kila chumba. Ni kaulimbiu ya Wanasri: hakuna mshindi ila Mwenyezi Mungu. Niliyatazama. Nikaukumbuka ule msumari wetu ukutani. Nikasogea chumba kingine.

Chumba kingine ndo kile ambacho sultani alipokea mabalozi. Inua kichwa. Dari lake ni la mbao, lilijengwa wakati wa Yusuf I, katikati ya karne ya 14, na lina vipande zaidi ya 8,000 vilivyokatwa kimoja kimoja na kuunganishwa kwa umbo la nyota juu ya nyota, ngazi baada ya ngazi, kuonyesha mbingu saba. Hakuna kipande kimoja kikubwa humo. Vyote ni vidogo, vimekatwa kwa pembe ya kukubaliana na jirani yake, na vimekaa hapo juu kwa karibu miaka 700.

“Unaona,” mume wangu akaninong'oneza, “siri siyo ubao. Siri ni unavyoukata.”

Nikamwambia shingo inaniuma, tushuke.

KWENYE KARAKANA

Karakana tuliyoingia iko kwenye kichochoro kando ya Cuesta de Gomérez. Jina la fundi nitalibaki nalo, kwa sababu hakutuomba tumtangaze na foleni ya wateja anayo tayari. Mzee wa makamo, aproni ya kijani, penseli sikioni kama fundi yeyote wa Keko. Kiingereza chake kilikuwa cha salamu tu, ila alikuwa na mwanafunzi, binti mmoja aliyetafsiri vizuri. Granada ina kawaida hiyo: watu wanatoka nchi nyingine kuja kujifunza gitaa, kulipiga au kulitengeneza, na wengine hawarudi kwao.

Harufu, we acha tu. Mbao wanayotumia kwa shingo wanaiita cedro. Jina linamaanisha mwerezi, lakini siyo mwerezi wa kweli. Ni mti wa Amerika ya Kati na Kusini, ndugu wa mkangazi wetu, mwepesi, na unanukia kama kabati la bibi. Chini, maranda yamejaa mpaka kwenye vifundo vya miguu. Ukutani misumeno, patasi, randa za kila saizi. Na magitaa ambayo hayajaisha yananing'inia, mengine bila uso, mengine bila mgongo.

Nilichokiona cha kwanza ni kwamba magitaa yote, hata yale ambayo bado hayana mwili, yalikuwa na shingo. Nikauliza. Binti akatafsiri: kwa njia ya Kihispania, shingo ndo inaanza. Mbavu za gitaa zinachomekwa kwenye mikato iliyopo kwenye kisigino cha shingo, na mwili mzima unajengwa kuizunguka. Ukikosea shingo, umekosea kila kitu kinachofuata.

Mume wangu akanitazama. Nami nikajifanya natazama randa.

Siku hiyo fundi alikuwa anaandaa shingo ya gitaa moja la oda. Na hapa, msomaji, naomba uvumilie nikupe somo la useremala, maana ndo kiini cha safari yangu.

Gitaa la aina hii lina nyuzi sita za nailoni, na zikikazwa zinavuta kwa pamoja uzito wa karibu kilo 40. Mfuko wa saruji ni kilo 50. Sasa fikiria karibu mfuko mzima unaivuta ile shingo nyembamba, mchana na usiku, miaka 30. Magitaa mengi ya umeme na yale ya nyuzi za chuma yanafichwa chuma ndani ya shingo, ukiona inapinda unakaza kwa spana. Gitaa la asili la Kihispania halina chuma hicho. Ni mbao peke yake. Ikipinda, imepinda.

Kwa hiyo fundi haamini kipande kimoja. Anachukua ubao wa cedro, anaupasua katikati kwa urefu, halafu, sikiliza hapa, kipande kimoja anakigeuza. Mbao ina mistari yake, na kila mbao ina upande unaopenda kupindia hali ya hewa ikibadilika. Ukivirudisha vipande viwili kama vilivyokuwa, vitapinda pamoja, upande mmoja, kwa amani kabisa. Ukikigeuza kimoja, huyu akitaka kulia, yule anataka kushoto. Hakuna anayekwenda. Shingo inabaki imenyooka.

Nikauliza, “Kwa hiyo vinashindana?”

Binti akauliza, fundi akatikisa kichwa. Hapana, havishindani. Vinashikana.

Katikati ya vipande hivyo viwili anaweka utepe wa mbao ngumu kuongeza nguvu. Mara nyingi ni mwebano mweusi. Wa siku ile alipoutoa kwenye kitambaa, mimi na mume wangu tukasema kwa pamoja: “Mpingo!” Fundi akashtuka. Alipoambiwa tumetoka Tanzania, akauweka ule utepe mikononi mwangu kwa heshima kama ananikabidhi mtoto. Mweusi, mzito, baridi kama chuma. Mpingo ukiutupa majini unazama. Ule ambao kwetu tunaujua kwa vinyago vya Kimakonde, huku dunia inaujua kwa zumari za okestra, na biashara yake hutegemea sana miti ya Tanzania na Msumbiji. Mti mmoja unaweza kuchukua miaka 70 au zaidi kufikia unene wa kuvunwa. Sikutegemea kukutana na ndugu kwenye kichochoro cha Hispania.

KABARI NDEFU

Utepe ule haukatwi sawasawa mwanzo hadi mwisho. Shingo yenyewe si sawasawa: upande wa kichwa ina upana wa milimita 52, na inapofika mahali pa kukutana na mwili inafika 62. Fundi huyu hupenda utepe wa katikati nao ufuate safari hiyo: milimita 5 kichwani, 9 kwenye kisigino. Yaani kila sentimita 10, unene unapungua milimita moja. Jicho haliwezi kuona hapo hapo. Kidole kinaona. Kwa hiyo utepe ni kabari, ila ndefu na ya taratibu sana. Mpingo unakuwa mwingi pale penye kazi nzito, unapungua kule juu ili gitaa lisiwe zito kichwani na kumchosha mpigaji mkono.

Anakataje? Nilidhani kuna mashine ya ajabu. Wala. Ana ubao mmoja ulionyooka kama kioo, ndo kitanda. Anaulaza utepe juu yake, na chini ya ncha moja anaingiza kijipande cha milimita 2. Ncha hiyo inainuka. Anapitisha randa kwa usawa, na ile ncha iliyoinuka ndo inayoliwa zaidi. Randa inateremka kutoka kwenye unene kwenda kwenye wembamba, haipandi kamwe. Ukipandisha, inang'oa mbao vipande vipande. Utepe ukishatoka, upande mmoja umelala mshazari. Anageuza, anafanya upande wa pili.

Binti akasema kwamba ungeweza kukata upande mmoja tu na kabari ikatoka. Lakini mistari ya mbao ingekaa mshazari ndani yake. Fundi anataka mistari ipite katikati, ndo maana anakata pande zote mbili nusu kwa nusu.

Basi bwana, fundi akamwona mume wangu mikono inavyowasha. Akampa kipande cha msonobari, mti rahisi wa kujifunzia, na randa. “Jaribu.”

Ningekuwa na kamera ya moyo ningekupa picha. Mtu ambaye kwa miaka tisa nimemwona na laptopu, rimoti na funguo za gari, amevua koti, ameinama, na randa inasema shwaa, shwaa, maranda yanajikunja kama nywele za malaika. Upande wa kwanza ukatoka safi. Akageuza, akaweka kile kijipande kile kile cha milimita 2, akapiga randa mpaka ikagusa pote. Akapima kwa kile chuma chenye midomo kama kaa. Kisigino, milimita 9. Kichwani, 7.

Ilitakiwa iwe 5. Akapima tena. Saba.

Fundi akacheka, lakini siyo kwa dharau. Ni kosa la kila mwanafunzi. Ukishakata upande wa kwanza, ule mshazari unabaki pale. Ukigeuza utepe, sasa unalalia mshazari wako mwenyewe. Zile milimita 2 za upande wa pili zinakurudisha kwenye usawa tu, hujakata chochote cha maana. Kijipande cha upande wa pili lazima kiwe cha milimita 4, mara mbili ya kwanza: mbili za kulipia ulichokwishakata, mbili za kukata kipya.

Mume wangu akasimama kimya, randa mkononi. Mimi nilikuwa nimekaa kwenye kigoda, na sijui kwa nini machozi yalinijia. Pengine kwa sababu mimi pia niliwahi kudhani kwamba nikimkata yeye kidogo na nikajikata mimi kidogo, tutakuwa sawa. Nilisahau kulipia kile nilichokwishakata.

Nikamwuliza, hapo hapo, kwa Kiswahili, katikati ya watu wasiotuelewa: “Lile gitaa ulilipeleka wapi?”

Hakugeuka. Akasema, “Nililiuza.”

“Hela?”

“Si unakumbuka kile kitanda cha mtoto? Na ule mwezi ambao mshahara wako ulichelewa.”

Nilikumbuka. Kitanda kile nilikichagua mimi, cheupe, chenye droo. Nilimpa sifa dukani kwamba leo baba watoto umetoboa mfuko.

KIPANDE CHA KUTUPA

Baada ya chai, fundi akaunganisha. Kwanza bila gundi: cedro, mpingo, cedro, akazibana kwa vidole na kuziinua kuelekea dirishani. Mwanga ukipita popote kwenye kiungo, randa inarudi kazini. Ulipita sehemu moja, kama unywele. Akarudi. Nikahesabu: alirudi mara nne. Gundi, binti alisema, ni ya kushika mbao mbili zilizokwishakutana. Siyo ya kujaza pengo.

Halafu likaja jambo ambalo sitalisahau. Kabari zina tabia mbaya. Ukizipaka gundi na kuzibana, zinateleza. Zinakimbia upande wa unene kama sabuni unapoikamua kwa mikono yenye maji. Kadiri unavyokaza kwa nguvu ndivyo zinavyokimbia. Nikasema moyoni, hii naijua, hii nimeifanya nyumbani.

Dawa yake ni mbili. Ya kwanza, kabla ya gundi anatoboa matundu madogo kwenye ncha mbili, zile ambazo baadaye zitakatwa, anachomeka vijiti ili vipande visitembee. Ya pili ndo iliyonigusa. Alipasua kwanza vile vipande vya pembeni, na mabaki yake, zile kabari nyembamba ambazo mimi ningefagia, alikuwa ameziweka kando na kuziandika kwa penseli. Sasa akazichukua, akazigeuza, akaziweka nje ya shingo, chini ya vibanio. Kabari kwa kabari, pande za nje zikawa sambamba, na vibanio vikabana kwa unyoofu. Hakuna kilichoteleza. Gundi ikatoka kwenye viungo kama shanga ndogo, pote kwa kipimo kimoja.

Kile kilichokatwa ndicho kilichosaidia kile kilichobaki kishikane.

Ikabaki hivyo mpaka kesho yake. Na hata ikitolewa kwenye vibanio, fundi haichongi haraka. Anaiacha itulie, wiki kadhaa, aone kama ina nia ya kupinda. Binti akasema kuna zile anazozikataa. Ziko kwenye kona, zinawashia moto wakati wa baridi.

CHAI YA MNANAA

Jioni tulipanda Albaicín, mtaa wa zamani wa vichochoro na kuta nyeupe, mpaka kwenye uwanja wa San Nicolás. Mbele yako Alhambra yote, nyuma yake theluji. Pembeni kabisa kuna msikiti uliofunguliwa mwaka 2003, na bustani yake inatazama ngome ile ile. Vijana walikuwa wanapiga gitaa kwa sarafu. Tukasikiliza bila kusema.

Hapo ndo mume wangu akanipa historia fupi, na alikuwa anaongea kama mtu aliyefunguliwa bomba. Udi, ule wa taarabu, ule unaousikia kwenye Culture Musical Club kule Zanzibar, jina lake kwa Kiarabu ni mbao tu, al-ud. Waarabu wakaja nao Andalusia, na Wazungu wakalichukua mpaka jina. Gitaa limekulia kwenye nyumba hiyo hiyo. Mwaka 1922, hapa Alhambra, Manuel de Falla na mshairi Federico García Lorca walikuwa kati ya walioandaa mashindano ya nyimbo za kale za flamenko, kwa hofu kwamba zinakufa. Andrés Segovia, aliyelifikisha gitaa kwenye kumbi kubwa za dunia, alikulia mjini hapa.

Tukashuka mpaka Calderería Nueva, kichochoro cha vibanda vya chai ambako unakaa kwenye mito, unaletewa chai ya mnanaa kwenye birika la shaba. Hapo nikasema nilichotakiwa kusema miaka tisa kabla.

“Sikutakiwa kukuambia uchague.”

Akanyamaza muda mrefu. Halafu akasema, “Na mimi sikutakiwa kukubali haraka vile. Nilikubali ili nikununie vizuri.”

Jamani! Miaka tisa. Mimi najiona mshindi, kumbe na mwenzangu anajiona mshindi. Tulicheka mpaka mhudumu akaja kuangalia kama chai ina kitu.

TULIRUDI NA NINI?

Hatukununua gitaa. La mkono Granada linakwenda kwa maelfu ya yuro, na kwa mafundi wenye jina foleni ni ndefu. Tulichorudi nacho ni ule msonobari wenye kosa, milimita 9 na 7. Fundi aliutia saini kwa penseli, akaandika tarehe. Tangu siku hiyo uko sebuleni, umeshikilia ule mlango unaojifunga wenyewe kwa upepo. Kama kabari unafanya kazi vizuri kabisa.

Ila wiki mbili baada ya kurudi, Jumamosi moja, tulikwenda wote wawili Kariakoo, tukanunua gitaa la kawaida, la kiwandani. Ule msumari ulikuwa bado upo. Ijumaa sasa ni siku yake ya bendi. Jumatano ni yangu, natoka na mashoga zangu, yeye anabaki na watoto, na sipigi simu kuuliza wamekula nini. Kuna wiki anarudi saa nane na bado nakasirika. Sijawa malaika.

Mwezi uliopita nilialikwa kicheni pati ya mdogo wangu. Wakanipa maiki, niseme neno kwa bi harusi. Nikasema: “Mdogo wangu, utaambiwa mke ni shingo. Ni kweli. Lakini mimi nimeona shingo inavyotengenezwa. Kazi yake siyo kugeuza. Kazi yake ni kusimama, karibu kilo 40 zikiivuta, ili mwenzako aweze kutoa sauti.” Ukumbi ukanyamaza. Halafu mama mmoja wa nyuma akapaza sauti: “Na wewe je, sauti yako nani anaishika?”

Swali zuri. Jumatano hii nitamwuliza baba watoto.

KAMA UNAPANGA KWENDA

Viza: Hispania iko kwenye Schengen. Anza mapema, siyo wiki ya mwisho.

Alhambra: nunua tiketi mtandaoni wiki kadhaa kabla, zinaisha. Tiketi ina saa yako kamili ya kuingia majumba ya Wanasri, ukichelewa imekula kwako. Beba pasipoti.

Chakula: Granada bado ina desturi nzuri, ukiagiza kinywaji unaletewa na kitafunwa bure. Vinywaji vitatu, umeshiba. Kama huli nguruwe, uliza kabla.

Viatu: acha visigino nyumbani. Mji wote ni mawe na vilima.

Karakana: usiingie kama dukani. Salimia, uliza kama unaweza kutazama, usiguse kitu kilichobanwa.

Mbao: usirudi na kipande cha mpingo wala usiende nacho. Tangu mwaka 2017 jamii yake yote inalindwa na mkataba wa kimataifa wa CITES. Mwaka 2019 ala za muziki zilizokwishakamilika zilipewa ahueni, lakini mbao ghafi zinataka kibali.

Mwenzi: beba yule yule. Ila mwulize swali moja ambalo hujawahi kumwuliza.